Beit al-Ajaib: Jumba lililojengwa litazamwe

*Kwa miaka 137 uso wake ulikuwa uso wa Zanzibar. Ulipoanguka Desemba 2020, wengi walilaumu uzee. Jumba lenyewe lina maelezo mengine.*

Sultani Barghash bin Said hakujenga Beit al-Ajaib ili apate pa kulala. Lilipokamilika mwaka 1883 alikuwa na nyumba za kulala za kutosha: Beit al-Sahel palepale ufukweni, Beit al-Hukm ubavuni mwake, Marhubi kaskazini ya mji na Chukwani upande wa kusini. Hili alilitaka kwa ajili ya barza, karamu na kupokea wageni wa dola. Zaidi ya yote alilitaka lionekane. Aliyeingia bandari ya Unguja, awe nahodha wa jahazi lililoletwa na kaskazi au balozi aliyeshuka katika meli ya moshi, alilikuta limesimama juu ya mapaa yote ya mji, jeupe, limezungukwa na varanda juu ya varanda. Kabla hajakanyaga mchanga alikwisha kujua mwenye nyumba ni nani.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo iliporomoka, na mnara wa saa ukashuka nayo. Kazi ya ukarabati ilikuwa ikiendelea, kwa msaada wa Serikali ya Oman, na wafanyakazi wawili walipoteza maisha chini ya kifusi. Picha zilizoenea siku ile zilionyesha kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kutoka bustani ya Forodhani: tumbo la jumba, vyumba vya juu vikiwa wazi, vyuma vimepinda, mawe ya matumbawe yamemwagika hadi barabarani.

Jibu la haraka lilikuwa kwamba limezeeka. Lakini Ngome Kongwe, jirani yake wa ubavuni tangu siku ya kwanza, ilijengwa na Waomani karibu na mwaka 1700, na kuta zake nene bado zimesimama. Ukitaka kujua kwa nini mdogo alitangulia, inabidi uanze na jinsi alivyojengwa, kisha utazame nani alikuwa akimhudumia.

Sultani aliyetembea

Barghash alikuwa mtoto wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia kiti cha dola ya Oman hapa Unguja. Baba alipofariki mwaka 1856, ufalme wa Zanzibar ulimwangukia Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Mji ule wa bandari, wenye majengo makubwa ya mawe na chuma yaliyokuwa yakipanda chini ya utawala wa Waingereza, ulimpa darasa ambalo hakulipata kwao. Alirudi, akasubiri, na mwaka 1870 akakalia kiti.

Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, aliwekewa shinikizo na Waingereza mpaka akatia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko lao la Mkunazini. Mwaka 1875 alifunga safari ya Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, akaonyeshwa viwanda, reli na mitaa yenye taa.

Aliporudi alianza kuujenga upya mji wake. Alivuta maji safi ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, kazi ambayo watu wa Unguja wanamkumbukia kuliko vita na mikataba yote. Alinunua meli za moshi na kuanzisha kiwanda cha uchapaji. Na katikati ya majumba ya wazee wake, kwenye kiwanja ambacho kwa mapokeo kilikuwa cha Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wa karne ya 17, akasimamisha jumba ambalo watu, walipoliona, walikosa jina jingine la kulipa ila la maajabu.

Fedha za kazi hiyo zilitoka katika karafuu, katika pembe za ndovu zilizobebwa kutoka bara, na katika ushuru wa forodha. Mkataba wa 1873 ulizuia watumwa kuvushwa baharini, haukuwatoa mashambani. Hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa kisheria hapa Zanzibar mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo jumba lilipopanda, sehemu kubwa ya karafuu iliyolilipia ilichumwa na mikono isiyolipwa. Habari hii haiandikwi sana katika vibao vya watalii, nayo ni sehemu ya msingi kama mawe yalivyo.

Wakati nao ulikuwa na kejeli yake. Jumba lilikamilika mwaka 1883, na mwaka uliofuata Mjerumani Carl Peters akaanza kuzunguka bara akikusanya mikataba na machifu. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya varanda za sultani kumlazimisha akubali madai yao. Aliyekuja na safari hiyo ya Wajerumani ni dada yake mwenyewe, Sayyida Salme, aliyekuwa ametoroka miaka mingi kabla na kuolewa na Mjerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete. Barghash alikataa kumpokea. Mwaka 1886 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kwamba dola yake bara ni ukanda wa maili kumi tu kutoka pwani. Alifariki mwaka 1888, akiacha jumba refu kuliko yote Zanzibar na ufalme mfupi kuliko aliourithi.

Boriti na mhimili

Nyumba ya mawe ya pwani yetu ina kanuni iliyowekwa na mti. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, hayakuchongwa, yamejazwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe hutokana na mawe hayohayo yaliyochomwa juu ya tanuu la magogo, kisha ikaachwa ipoe na kulainika muda mrefu. Kuta hizo huwa nene, kwa kuwa jiwe la aina hii halina nguvu nyingi peke yake; hutegemea unene na uzito. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, juu ya boriti mawe madogo na chokaa, iliyopondwapondwa mpaka ikakaza. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kulegea. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, kutoka Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba. Mti umeamua upana, binadamu ameamua urefu.

Barghash alikataa kuamuliwa na mti. Mchoro wa Beit al-Ajaib unasemekana kuwa wa mhandisi wa meli Mwingereza, na ukilitazama jengo unaona kwa nini habari hiyo imekubalika. Varanda zake pana, zilizolizunguka katika kila ghorofa, zilibebwa na nguzo nyembamba za chuma kilichomiminwa kwenye kalibu na kuletwa kwa meli. Ndani, mihimili ya chuma na sakafu za zege ziliruhusu kumbi kubwa ambazo boriti isingeweza kuzivuka. Katikati kulikuwa na ua mkubwa uliofunikwa juu, na ghorofa zote ziliutazama kwa roshani za ndani, hivyo aliyesimama chini aliona jumba zima likipanda juu ya kichwa chake.

Mapambo yalifuata mtindo huohuo wa kuchanganya. Marumaru ililetwa kutoka Ulaya. Milango mikubwa ilichongwa na mafundi waliojua kazi ya pwani, ikaandikwa aya za Qur'ani na kupakwa dhahabu. Mlangoni iliwekwa mizinga ya shaba ya Wareno ya karne ya 16, ushahidi kwamba waliowahi kuitawala bahari hii wamekwisha kuondoka. Inasimuliwa kwamba lango kuu lilifanywa pana ili sultani aweze kupita amepanda tembo. Ukweli wa kisa hicho uachwe kwa wasimuliaji, lakini chasema jambo: watu waliona lango lile halikupimwa kwa kipimo cha mtu.

Hata faragha, ambayo ndiyo roho ya nyumba za hapa, ilijengwa kwa ufundi. Vivuko vilivyofunikwa, vikiwa juu ya usawa wa njia, viliunganisha Beit al-Ajaib na Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, ili wanawake wa kifalme watoke jumba hili waingie lile bila macho ya mtaani kuwafikia. Jumba lililokuwa wazi kuliko yote kwa mgeni wa baharini lilijua kufunga pale ilipotakiwa. Baadaye likaingizwa umeme kabla ya majengo mengi ya mji, na linatajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti ya umeme.

Vita vya asubuhi moja

Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid, mtoto wa Barghash, aliingia katika majumba ya baba yake na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza. Alipewa muda wa mwisho: saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Dakika mbili baadaye manowari zilizopangwa bandarini chini ya Admeri Harry Rawson zikaanza kupiga, na katika muda usiofika saa nzima bendera ikashuka. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam.

Vita hivyo huhesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia, na mara nyingi husimuliwa kama kichekesho. Kwa majumba haya ya ufukwe wa Mizingani havikuwa hivyo. Beit al-Hukm lilivunjika lisijengwe tena. Beit al-Sahel liliharibika vibaya na ikabidi lijengwe upya. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya majumba ukawa gofu. Beit al-Ajaib lenyewe lilipata madhara machache. Mwaka 1897 lilitengenezwa, na mahali pa ule mnara wa taa mnara mpya wa saa ukabandikwa kwenye uso wa jumba. Mnara huo, ambao sote tulizoea kuuona kama kitambulisho chake, haukuwa katika jumba la Barghash. Ulikuwa uzito ulioongezwa miaka 14 baadaye.

Wakaaji wasiolala humo

Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa na Waingereza baada ya mizinga kunyamaza, aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1902. Kuanzia mwaka 1911 likawa makao ya ofisi za serikali ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chama cha Afro-Shirazi kililifanya mahali pa kufundishia itikadi na makumbusho ya chama. Mwishowe likawa Makumbusho ya Historia na Utamaduni wa Zanzibar na Pwani ya Waswahili. Uani kwake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mafundi waliunda upya mtepe, kile chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na watoto wa shule wakapata kuona kwa macho kile walichokuwa wakikisoma kwenye vitabu. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO, na picha iliyouwakilisha mara nyingi ilikuwa ya jumba hili.

Kila dola iliyokuja ililihitaji. Sultani alilihitaji kwa barza, Mwingereza kwa ofisi, mwanamapinduzi kwa chuo, na nchi kwa utalii. Wote waliutaka uso. Lakini baada ya Hamoud jumba halikuwa na mtu wa kulala humo, na nyumba ya mawe ya pwani huhitaji mtu wa kulala humo.

Katika nyumba ya kawaida ya Shangani au Malindi, mvua ya masika ikivuja usiku, mama mwenye nyumba anajua kabla ya alfajiri, kwa sababu ndiye aliyeamka kutega beseni. Asubuhi anaitwa fundi, anapanda juu na ndoo ya chokaa. Boriti moja ikioza kwenye ncha iliyoingia ukutani, inatolewa hiyo moja na kuwekwa nyingine. Lipu hupakwa upya, tena na tena, miaka yote. Nyumba za mababu zilizodumu karne mbili hazikudumu kwa kuachwa. Zilidumu kwa kutengenezwa bila kukoma, vipande kwa vipande, na watu waliokuwa na sababu ya kupanda darini. Ofisi ina karani wa mafaili. Haina mtu wa kuamka usiku.

Haina maana nyumba za watu haziporomoki. Mji Mkongwe, wenye majengo yapatayo 1,700, una magofu yake, na mengi kati yake yanathibitisha jambo hilohilo. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kugawanywa kwa wapangaji wa vyumba, kodi ikiwa ndogo. Mpangaji aliona paa ni la serikali. Serikali iliona mpangaji yumo. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ilirithi mapaa ambayo yalikwisha kukosa mwenyewe.

Kile maji yanachofanya

Maji huingia kwa juu. Mfereji wa paa ukiziba au bati likitoboka, mvua hupenya ndani ya ukuta wa matumbawe, ambao hunywa unyevu kwa urahisi. Chokaa ya asili haina ugomvi na unyevu huo: huunyonya na kuutoa jua likiwaka. Ukuta ukipakwa saruji, kama ilivyokuwa desturi ya ukarabati wa haraka kwa miongo mingi, maji hukosa pa kutokea. Yanabaki ndani pamoja na chumvi ya bahari. Chumvi inapokauka huwa chembe, chembe zinakua, na jiwe linaanza kumomonyoka kuwa unga nyuma ya lipu ambayo kwa nje inang'aa.

Hadi hapo Beit al-Ajaib na nyumba yoyote ya Mji Mkongwe ni ndugu. Tofauti inakuja kwenye chuma. Chuma kikishika kutu huvimba, kwani kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Mhimili uliofichwa ndani ya zege unasukuma zege, zege linapasuka, ufa unakaribisha maji zaidi, na kutu inaongezeka. Boriti iliyooza hujitangaza: inanyong'onyea, inadondosha vumbi, mtu anaiona. Mhimili wa chuma hufa kimyakimya ndani ya dari. Na siku ya kuubadilisha, haumhitaji fundi na mwanawe. Unahitaji kusimamisha ukumbi mzima kwa nguzo za muda, mashine, wahandisi na fedha za dola. Kilichompa Barghash kumbi pana ndicho kilichoifanya tiba ya jumba lake kuwa ghali kuliko tiba ya nyumba yoyote jirani.

Dalili hazikukosekana. Mwaka 2012 sehemu ya varanda na paa katika kona moja iliporomoka, na jumba likafungwa kwa umma. Methali ya ufa na ukuta ilitungwa na watu waliokaa katika nyumba za namna hii, na walijua wanachosema. Kati ya ufa ule na ukuta ulioanguka ilipita miaka minane.

Lijengwe jumba lipi?

Sasa swali ni la kujenga upya, na wajuzi hawana kauli moja. Wapo wanaotaka sura ya 1883 na 1897 irudi ilivyokuwa, nguzo kwa nguzo, kwa sababu bila uso ule ukingo wa bahari wa Mji Mkongwe una pengo. Wapo wanaouliza kama jengo lililofichwa mifupa ya zege jipya chini ya sura ya kale bado ni urithi au ni mfano wake tu. Wapo pia wanaotaka mnara wa saa utazamwe tena, kwa kuwa ulikuja baadaye na kubebeshwa jengo lisilopangiwa mzigo huo.

Kila upande una hoja yake, na wahandisi watakuwa na neno kubwa. Lakini mjadala wote umekaa kwenye uso, palepale tulipokuwa tumekaa tangu 1883. Jumba litakalorudi, liwe la chokaa au la zege, la mnara au bila mnara, litaanza kunyeshewa siku ileile litakapofunguliwa. Chuma kipya nacho kitakutana na chumvi ileile.

Kwa hiyo mambo ya kudai ni ya chini kuliko hayo. Jumba liwe na mafundi wake wa kudumu, walioajiriwa na kufundishwa kazi ya chokaa, wala si wakandarasi wanaoitwa baada ya kishindo. Tanuu na mashimo ya kulainishia chokaa yawepo, ili Zanzibar isiwe na kisingizio cha kukimbilia mfuko wa saruji. Sehemu ya viingilio vya makumbusho itengwe kwa paa kabla ya kutengwa kwa kitu kingine chochote. Na taarifa ya ukaguzi, yenye picha za mifereji, mihimili na nyufa, ibandikwe hadharani kila mwaka kabla ya masika, mahali ambapo mtoto wa shule na mtalii wanaweza kuisoma. Ndani, makumbusho yaseme pia karafuu ilichumwa na nani.

Wageni watarudi kupiga picha kutoka Forodhani, na jumba litawapa walichokuja kukitafuta, maana ndiyo kazi lililozaliwa nayo. Wenyeji tuna kazi nyingine. Kila mwezi wa Februari, kabla wingu la kwanza la masika halijajikusanya, mtu aulize ofisi husika kwa sauti: mwaka huu nani amepanda juu ya paa, na ameona nini?